Viza ya Siku Kumi na Nne

Kwa Christopha,
Buguruni, Dar es Salaam.
5 Februari 1996

Mama Redempta,

Salamu kwako na kwa mtoto. Mimi ni mzima, ila uchovu. Basi lilikwama mara mbili kabla ya Laela, tukalala humo humo, na treni ya Tunduma tuliikuta imejaa hadi mlango wa choo. Nimefikia kwa binamu yangu Christopha. Amenipa kitanda cha mwanawe. Miguu inaning'inia nje lakini nalala.

Jana nilikwenda ubalozini. Nilidhani nitatoa pasipoti na barua ya mwaliko ya mnunuzi wetu wa Ulaya, Bwana Henk, nigongewe muhuri, basi. Sivyo. Unakaa kwenye benchi nje ya geti mpaka uitwe dirishani. Dirishani yuko dada mmoja Mtanzania, mpole, hapandishi sauti, lakini kila karatasi anaigeuza nyuma aone umeficha nini. Aliponiuliza ninakotoka nikasema Sumbawanga, watu wawili kwenye benchi walicheka na kusogea kando. Mmoja akasema, "Kaka, usinitupie kitu, na mimi naitaka viza." Sifa ya uchawi ya kwetu imefika mpaka huku. Nikacheka nao. Ningefanyaje.

Viza ninayoomba ni ya biashara, ya muda mfupi, siku kumi na nne. Yule dada aliniambia, "Wenyewe hawaulizi sana kwa nini unakwenda. Wanauliza kwa nini utarudi." Kwa hiyo wanataka cheti chetu cha ndoa, kile halisi. Wanataka leseni na karatasi za benki, hizo ninazo. Tena, kwa kuwa Bwana Henk ameandika kwamba nakwenda kutia saini mkataba wa mwaka mzima na kumpelekea samaki kumi na wawili wenye nundu wa kuanzia, wanataka barua ya afisa uvuvi wa Kasanga kuthibitisha kwamba samaki hao wapo.

Hatunao. Nilipoondoka vizimbani walikuwa watatu.

Unajua hawa si kama samaki wetu wengine wa mapambo wanaokaa juu juu kwenye mawe. Wanakaa pima ishirini kwenda chini, penye giza, na kuwafuata huko ilikuwa kazi yangu. Sasa imebaki kwa kaka yako. Shuka Kasanga umwambie Leonidas azamie mara moja tu kwa siku, asubuhi, na akipanda asipande kwa pupa. Mdogo wenu Romani akae na mashine ya hewa asiiache hata dakika moja. Wakipatikana tisa, kazi imekwisha, na wewe utaacha kushonea watu viraka barazani.

Ni mimi mumeo,
Isdori Sikazwe


Sumbawanga,
21 Februari 1996

Baba Redempta,

Barua yako imefika, imelowa pembeni lakini inasomeka. Sisi hatujambo. Mvua haijakatika tangu uondoke.

Cheti cha ndoa nilikitoa sandukuni nikakuta mchwa wamekula, imebaki sahihi ya padri peke yake. Nikapanda lori la mahindi mpaka Kaengesa. Padri alikuwa na wageni, akaniweka mpaka saa tisa, kisha akafungua kitabu kikubwa na tukajiona humo, mimi na wewe, mwaka wa themanini na sita. Ameandika nakala na kupiga muhuri wa parokia. Ila humo wewe ni Isidory, si Isdori. Nikamwambia mume wangu haandikwi hivyo. Akasema, "Mama, mimi naandika kilichomo." Nimeileta hivyo hivyo, utaona mwenyewe.

Kasanga nimeshuka. Kaka Leonidas anakusalimu sana, anasema ukifika Ulaya umchagulie koti. Amepata mmoja, kwa hiyo wako wanne. Nilikaa mtumbwini pamoja na Romani nikamsubiri apande. Sikuwahi kuiona kazi yenu kwa karibu namna ile. Mashine inanguruma, mpira wa hewa unazama kama nyoka, halafu unabaki kuangalia maji tu. Alipotoka alikuwa anajikuna viwiko mpaka ngozi ikawa nyekundu. Nikamwuliza, "Kaka, una nini?" Akasema, "Huko chini kuna wadudu. Wifi yako anasema ni upele." Usiku alikula kidogo akalala mapema.

Jambo lingine. Yule mjane mzee, Bibi Silvana, ambaye nyavu zake ziko karibu na miamba yenu, amegombana na kaka. Anasema mlio wa mashine unamfukuzia samaki. Alimwambia mbele ya watu pale ufukweni, "Unachokitafuta huko chini utakipata." Mimi niliona ni hasira za mzee. Romani hakuona hivyo. Hajamsalimia tena tangu siku hiyo.

Wifi Bertilla anakusalimu. Redempta anauliza kama Ulaya ni mbali kuliko Mpanda.

Ni mimi mkeo,
Hellena


Buguruni,
7 Machi 1996

Mama Redempta,

Asante kwa kwenda Kaengesa. Zile herufi mbili zimenila siku tisa. Dada wa dirishani aliweka pasipoti na cheti sambamba, akasema, "Hawa ni watu wawili." Nimekwenda kwa wakili kula kiapo kwamba Isidory na Isdori ni mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi. Sasa nimepewa tarehe ya usaili, ishirini na tisa mwezi huu.

Bwana Henk ameleta faksi. Anasema kuna watu upande wa Zambia, kule Mpulungu, wanaojitolea kumpa wenye nundu hata kesho. Ananipenda mimi, anasema, lakini wateja wake hawawezi kusubiri mapenzi. Kwa hiyo tuharakishe. Mwambie Leonidas kwamba kama ziwa limetulia hata mara mbili kwa siku si vibaya.

Habari ya kujikuna nimeisoma. Si kitu. Ajipake mafuta ya mawese, apumzike siku moja, aendelee. Na usiizungumze huko na huko, watu wa Kasanga unawajua, kikohozi kwao ni msiba.

Bibi Silvana mwacheni. Nikirudi nitampelekea kanga.

Barua hii nampa Wilibrodi, dereva wa lori, ndiye atakayepeleka na kuleta zote kuanzia sasa. Posta ni ya kupoteza muda.

Mumeo,
Isdori


Kasanga,
18 Machi 1996

Shemeji Isdori,

Salamu. Mimi si mtu wa barua, unanijua, lakini nimekaa chini leo kwa sababu siwezi kusimama sana.

Wenye nundu wako saba. Nimefuata ulivyosema, mara mbili kwa siku. Juzi nilishuka mpaka kamba ikaisha, nikakuta pango, humo wamejaa wamesimama tu kama wazee kwenye baraza. Nilipata wawili kwa mpigo. Tunawapandisha kama ulivyotufundisha, kizimba kinakaa pima kumi na tano siku nzima, kesho yake kumi, kesho yake tano, ili matumbo yao yasivimbe wakafa. Siku tatu mpaka wanaona jua. Mimi mwenyewe napanda kwa muda wa kuvuta sigara moja. Jana nililifikiria hilo, nikacheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka.

Shemeji, nina maumivu. Yalianza viwikoni, yakaja mabegani, sasa yako kwenye nyonga na natembea na fimbo. Vidole vya mguu wa kushoto sivisikii vizuri. Cha ajabu ni kwamba nikishuka, yote yanaondoka. Nikiwa huko chini ni mzima kama siku niliyooa. Nikipanda yanarudi, na kila siku yanarudi na mwenzake. Ndiyo maana nashuka hata siku ambazo sikupanga kushuka.

Hapa wanasema nimetupiwa kitu. Wanamtaja Bibi Silvana. Bertilla amekwenda kwa mtu mmoja wa ng'ambo ya mto, akarudi na dawa ya kuoga. Nimeoga. Romani anakaa na panga mlangoni pangu, nikimwambia aende akalale hataki.

Sasa nakuuliza wewe, kwa kuwa wewe ndiye uliyenifundisha kuzamia, na wewe ndiye uliyekaa na Bwana Henk. Siku ile tunashusha mashine uliniambia habari za Mzaire mmoja wa Moba aliyekuwa akizamia, ukaanza halafu ukanyamaza. Alikuwa na nini yule? Nijibu hilo tu. Kama ni ugonjwa wa kazi, niambie, nijue la kufanya, na huyu bibi aachwe. Kama hujui, sema hujui.

Hellena usimwambie. Atakuita urudi, na usaili wako umekaribia.

Shemeji yako,
Leonidas Simfukwe


Buguruni,
1 Aprili 1996

Mama Redempta,

Nimeshafanya usaili. Nilivaa lile koti la harusi ya Christopha. Mzungu mwenyewe alikaa mbele yangu, mwembamba, na yule dada wa dirishani akikalimani. Aliniuliza kwa nini niende mimi badala ya kutuma barua. Nikasema mkataba unataka watu waonane macho kwa macho. Akauliza nina watoto wangapi, nyumba yangu imeezekwa kwa kitu gani, na hapa katikati nikiwa sipo nani anafanya kazi. Nikasema shemeji yangu. Akauliza, "Ni mtu wa kutegemewa?" Nikasema kuliko mimi. Aliandika hilo.

Halafu akasema karatasi zote ziko sawa isipokuwa barua ya afisa uvuvi. Akiiona kabla ya tarehe ishirini na tano, viza ipo. Asipoiona, nianze upya, na kuanza upya ni mpaka baada ya miezi mitatu. Mpulungu hawatalala miezi mitatu.

Leonidas ameniandikia. Ni mzima, anatania kama kawaida yake. Anasema wako saba. Kwa hiyo wamebaki watano tu. Shuka Kasanga ukamwambie: watano tu, na huo ndio mwisho, kisha aning'inize mpira wa hewa ukutani mpaka nirudi. Usiandike, nenda mwenyewe, maneno yako anayasikia.

Nalala vibaya kidogo, ni joto la hapa.

Mumeo,
Isdori


Kasanga,
16 Aprili 1996

Baba Redempta,

Pasaka tumeimalizia huku Kasanga. Nilishuka Jumatatu ya Pasaka na ujumbe wako, nikamwambia kaka kama ulivyonituma. Akaniuliza kama ulikuwa umeandika kitu kingine kwa ajili yake. Nikasema hapana. Akasema, "Basi."

Watano wamepatikana. Wote siku moja, Jumatano ya tarehe kumi. Sasa wako kumi na wawili na afisa uvuvi amekuja mwenyewe akawahesabu, barua yake hii hapa, ina muhuri mara mbili. Wilibrodi ameapa kwamba itakufikia kabla ya siku yao.

Kaka anapumzika. Nitakaa huku kwa muda, wifi Bertilla anahitaji mtu wa kumsaidia kunyanyua vitu. Redempta nimemwacha kwa jirani. Cherehani nimeifunika.

Bibi Silvana amehama. Nyumba yake iliungua Jumapili wakati watu wako kanisani. Yeye hakuwemo ndani, Mungu ni mwema. Nasikia masista wa Kaengesa wamempokea. Wanaosema wanajua aliyewasha wanasema kwa sauti ndogo, na mimi sitaki kuwasikia, kwa sababu mmojawapo wa wanaotajwa nimemlea mgongoni.

Kaka anasema nikuandikie kwamba huku ni kwema na usiwe na wasiwasi. Nimeandika.

Fanya mambo yako uyamalize.

Hellena


Buguruni,
25 Aprili 1996

Shemeji Leonidas,

Habari za siku nyingi. Natumaini barua hii inakukuta umeanza kupata nafuu. Hellena ameniandikia kwamba unapumzika.

Shemeji, viza imetoka. Jana saa nne asubuhi yule dada alinirudishia pasipoti, akaifungua mwenyewe akanionyesha, imebandikwa ukurasa wa saba. Siku kumi na nne. Nasafiri tarehe kumi na nne Mei. Wilibrodi atakuja kuchukua maboksi ya samaki tarehe nane. Umefanya kazi ambayo mwanamume mwingine asingeifanya.

Sasa naweza kukujibu swali lako.

Yule Mzaire wa Moba alianza kwa kujikuna. Viwiko, halafu mabega. Na yeye alikuwa akifurahi akiwa chini, alisema maji ni dawa, akawa anashuka kila siku kutafuta nafuu. Mwezi wake wa pili alitoka majini akakaa kwenye mchanga, akasema miguu imekufa ganzi, tukamsugua. Hakuinuka tena. Sikuwahi kukumalizia hadithi hiyo kwa sababu nilihofu utakataa kazi.

Bwana Henk ndiye aliyenieleza sababu, miaka mitatu iliyopita, akanichorea kwenye mchanga. Ile hewa tunayovuta huko chini inaingia kwenye damu na mifupa kwa nguvu ya maji. Ukipanda haraka inachemka mwilini, kama soda uliyoitikisa ukafungua kizibo. Ndiyo sababu samaki tunawapandisha siku tatu. Mtu naye ni hivyo hivyo. Ukiona kujikuna, unaacha maji palepale, unakaa nchi kavu wiki nyingi, na mara nyingi inaisha. Ukirudi chini inakudanganya, kisha inachukua zaidi.

Nilijua siku niliyosoma neno kujikuna kwenye barua ya Hellena. Barua yako ilipofika niliandika jibu usiku huohuo, kurasa mbili, nikakwambia usishuke tena hata kama Bwana Henk atakwenda Mpulungu. Asubuhi nikaichana. Ilikuwa zimebaki siku tatu nifanye usaili. Nikajiambia watano tu, na wewe una nguvu kuliko yule Mzaire. Nikajiambia nikishapata viza nitasema.

Basi nimesema. Usiguse maji tena. Bibi wa watu hana kosa lolote, waambie hivyo kwa jina langu. Nikirudi nitakupeleka kwa daktari mzuri, na sehemu yako ya mkataba haitapungua.

Nisamehe, shemeji.

Isdori


Kasanga,
6 Mei 1996

Isdori,

Kaka Leonidas alifariki tarehe ishirini na nane Aprili, saa kumi na moja alfajiri, hospitalini Sumbawanga. Tumemzika hapa Kasanga tarehe thelathini.

Nitakueleza yote, maana barua yangu ya mwisho ilikuwa ya uongo na huu si wakati wa kuacha uongo wangu ukajificha nyuma ya wako.

Ile Jumatano ya tarehe kumi alishuka mara tatu. Mara ya tatu Romani aliona kamba inavutwa vibaya, akamvuta. Alitoka anaongea, akasema watano wametimia, wapandisheni polepole. Kisha akauliza nani amemkalia miguu. Hakuna aliyekuwa amemkalia. Tangu hapo hakuisikia miguu, wala hakuweza kwenda haja mwenyewe. Alinikataza kukuandikia. Alisema, "Akijua atarudi, na sisi sote tutakuwa tumefanya kazi bure." Nikatii. Nilijiambia ni mambo ya wiki mbili. Ilipofika tarehe kumi na tisa mgongo ulikuwa umeoza kwa kulala na homa haishuki, tukampandisha Sumbawanga kwenye lori la mahindi juu ya magunia. Daktari aliuliza kazi yake. Tulipomwambia alifunga faili polepole akasema, "Mngemleta mwezi wa pili."

Na mimi ndiye niliyempelekea ujumbe wa wale watano. Hilo ni langu, siliachi kwako.

Barua yako ilifika juzi, tarehe nne, siku ya kuanua matanga. Wilibrodi hakujua yaliyomo. Aliingia, akavua kofia, akampa wifi Bertilla mbele ya watu wote. Wazee wakasema ni rambirambi za shemeji yake kutoka Dar es Salaam, isomwe tuzisikie. Macho ya Bertilla yalikuwa yamevimba, akanipa mimi.

Nilisimama nikasoma kwa sauti. "Shemeji Leonidas, habari za siku nyingi." Watu wakatazamana. Mzee mmoja akasema labda hana habari, endelea. Nikasoma viza imetoka. Nikasoma ukurasa wa saba. Nilipofika pale uliposema sasa naweza kukujibu, macho yangu yalitangulia mbele nikaona kinachokuja. Ningeweza kusema karatasi imelowa. Nilifikiria hilo, Isdori, nisikufiche. Kisha nikaona wale vijana wanne wa ufukweni wanaotajwa kwa moto ule wameketi kwenye mkeka karibu na mlango, na Romani katikati yao, na nikakumbuka kwamba kuna bibi wa miaka sabini analala Kaengesa kwenye godoro la kupewa. Nikasoma hadi mwisho. Hata pale unaponitaja. Hata "Nisamehe".

Hakuna aliyelia. Bertilla alisema, "Rudia pale alipoichana." Nikarudia. Akasema, "Kwa hiyo iliandikwa." Nikasema ndiyo, iliandikwa. Akaingia ndani.

 Wawili wa wale vijana wamekwenda jana Kaengesa kwa miguu kumwomba Bibi Silvana msamaha. Sijui kama atawapa, na sitamlaumu asipowapa. Wazee wamesema nyumba yake itajengwa na ukoo wetu kabla mvua hazijarudi.

Samaki usitume mtu kuwafuata. Jana asubuhi mimi na Bertilla tulipiga makasia mpaka kwenye vizimba, tukavifungua kimoja kimoja. Walikaa kidogo hapo mlangoni hawajui la kufanya, halafu wakazama. Mashine tumeiacha ilipo, hakuna anayetaka kuigusa.

Wilibrodi anaondoka leo na barua hii, atakukuta kabla ya ndege. Viza ni yako na tarehe ni zako. Ukitaka kwenda kwa Bwana Henk mikono mitupu, nenda. Ukitaka kurudi, barabara unaijua. Mimi narudi Sumbawanga kesho kwa mtoto. Bado sijamwambia kitu.

Romani hakwenda Kaengesa. Tangu juzi hajala. Ameketi mtumbwini, hafanyi lolote, anautazama mpira wa hewa. Yeye ndiye aliyeiwasha ile nyumba, ameniambia mwenyewe, na ameniambia aliiwasha kwa sababu alimpenda kaka yake na hakukuwa na mtu mwingine wa kumlaumu. Jana jioni alikuja jikoni akaniuliza unarudi lini. Nikamwambia sijui. Leo asubuhi akaniuliza tena, panga lake mkononi, taratibu, kama mtu anayeuliza saa. Nikamwambia sijui, nikamtazama usoni, na ni kweli sijui.

Kwa hiyo ukiamua kurudi, usiniandikie siku.

Hellena Simfukwe